Siku Tuliyokwenda Kuangalia Maji Yakianguka

Mwanangu Anastazia,

Katika bonde lote hili la Kilombero, tangu mto ulipoanza kutiririka mpaka leo, hajatokea dereva kama mimi baba yako, na sidhani kama Mungu ana haraka ya kuumba mwingine. Nikipiga honi Lipangalala, kuku wa Kibaoni hutaga kabla ya saa yao. Nimeshapitisha gari kwenye tope ambalo kiboko mwenyewe alisimama pembeni akaniangalia, akatikisa kichwa, akarudi majini kuyafikiria upya maisha yake. Na mimi ndiye mtu wa kwanza hapa Ifakara, sisemi wa pili, aliyelaza mke na watoto ndani ya gari kwa kupenda tu, akawapandisha mlimani bila msiba, bila shamba, na bila kufukuzwa na mtu. Hilo la mwisho unalijua, ulikuwepo. Ulikuwa na miaka saba, na mdogo wako Fidelisi minne.

Salamu siandiki. Tumesalimiana asubuhi, na kesho tutasalimiana tena kabla hujapanda lori la Mahenge. Mambo ya sabuni na blanketi na sanduku kufungwa kamba mama yako ameshakuambia mara tatu, na ile mara ya tatu alikuwa anakuambia yale uliyomwambia wewe. Mimi sina la kuongeza. Shule niliiacha darasa la nne kwa kupitia dirishani, kwa hiyo nikianza kukushauri juu ya masomo hata daftari lako litacheka. Ukikuta humu herufi zimelala chali, ziache, ndivyo zilivyozaliwa.

Ninaandika kwa sababu ya jambo nililolisikia leo mchana. Nilikuwa nyuma ya nyumba, nimelala chini ya gari nagombana na springi. Wewe na mama yako mlikuwa jikoni. Ukamwuliza, ukishuka kwenye lori kule Mahenge, nani atakupeleka mpaka shuleni, kwa sababu wewe hupotea. Mama yako akakujibu kwamba njia ni moja, imenyooka, lori linashusha watu karibu na kanisa na shule unaiona kwa macho. Kisha ukasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kukusikia nayo:

"Hata siku ile mlimani niliiona njia kwa macho."

Nilishtuka mpaka spana ikaniponyoka ikanitua kwenye paji la uso. Uliponiona na ile nundu ukauliza, nikakuambia gari limenipiga teke. Ulicheka. Mimi nilirudi chini ya gari nikalala pale bila kufanya kazi yoyote, naangalia chuma, moyo unanidunda kama mtu aliyekoswa na nyati.

Kwa sababu nilifikiri umesahau. Kweli nilifikiri hivyo, au nilijiambia hivyo. Binti wa miaka kumi na miwili, aliyewaacha nyuma wavulana wote wa darasa lake, anaogopa njia ambayo hata mbuzi hawezi kuikosea. Na jina la Bibi Potea nani alikupa? Mimi. Nani alilipeleka gereji, akalipeleka dukani, akalitangaza kwenye pantoni mpaka wavushaji wakawa wanakuuliza kama unajua upande wa kushukia? Mimi tena. Watu wakicheka, mimi huwa nashiba. Sikuwahi kukutazama wewe wakati wakicheka.

Basi nitaisimulia safari ile tangu mwanzo, na safari hii nitaisimulia yote. Ile ninayoisimulia gereji ina kipande kimekatwa.

Ilianza na Mzungu mpimaji wa mito. Alikuja na mkewe na watoto watatu, ndani ya gari lenye vitanda vya kukunja, jiko, na pazia dirishani. Nilichukuliwa kuwa utingo wake kwa wiki mbili. Siku moja wakatoka wote, hata mtoto mdogo, wakapanda mlima juu ya Mang'ula, mimi nyuma na kapu la chakula. Njia nzima nilikuwa nafikiri. Nikasema huko juu kuna dhahabu. Nikasema hapana, kuna ndugu yao mgonjwa wamemficha. Tukafika. Kuna maji yanaanguka kutoka kwenye jabali. Wakayaangalia. Wakala mayai. Wakashuka.

Mwanangu, nilipigwa na bumbuwazi. Nilimvuta mpishi wao pembeni nikamwuliza kama mabwana wamesahau kile walichokifuata. Mpishi alikuwa mtu wa pwani, ameshawazoea. Akaniambia walikuja kuangalia maji. Nikamwambia sisi maji yenyewe ndiyo hutufuata kila masika, yanaingia mpaka chini ya kitanda, na hatujawahi kuyapandia mlima.

Lakini kuna kitu niliondoka nacho siku ile. Yule mpimaji alimbeba binti yake mabegani, njia nzima ya kushuka, hawafanyi chochote, wanacheka tu. Mimi baba yangu sikuwahi kumwona bila jembe au kasia mkononi. Mpaka anakufa sijui alikuwa anacheka namna gani. Nikasema wanangu watanijua ninavyocheka.

Sasa gari. Tajiri wangu, Bwana Omari mwenye duka pale Kibaoni, alikwenda harusini pwani baada ya mavuno, akaniachia lile gari la boksi la kubebea mpunga na samaki wakavu. Akaniambia niwe naliwasha kila siku lisife betri. Mimi nililiwasha. Nilipoliwasha, halikuzima mpaka Mang'ula. Hilo nalo ni kosa, lakini nililikiri mwenyewe aliporudi, maana gari lilikuwa linanuka vitunguu vya mapishi ya mama yako badala ya samaki na hakukuwa na njia ya kukataa.

Lakini nisikudanganye kwamba mimi ni mtu wa kukiri. Gari lenyewe nililijua kwa uongo. Nilimwambia Bwana Omari kuwa udereva ninao tangu utotoni, akanipa usukani, nikaingia nalo kwenye ukuta wa ghala lake. Kabla vumbi halijatua nilikuwa nimeshasema breki mbovu. Yule mzee wa watu akazifungua breki nzima, nzuri kabisa, akazitafutia ubovu siku mbili. Ndivyo nilivyo. Kosa likitokea, mkono wangu unatafuta pa kulibandika kabla kichwa hakijajua kuna kosa. Na kwa sababu nachekesha, watu hunisamehe kabla hawajajua wamenisamehe nini.

Nilipomwambia mama yako tunakwenda kutembea na gari, aliacha kutwanga.

"Tunakwenda kumzika nani?"

"Hakuna."

"Tunakwenda kumwoza nani?"

"Hakuna."

"Basi Baba Stazia, sema ukweli. Umemwibia nani?"

Ulikuwa umemshika kanga, umejificha, unacheka. Akafunga mizigo kama mtu anayehama nchi: kinu, mchi, chungu, kuku mmoja hai, na mafiga matatu, eti mlimani mawe yanaweza yasiwepo. Nilitandika jamvi juu ya mabua ya mpunga, nikatundika chandarua, nikakata dirisha kwenye turubai la nyuma. Pale Kiberege tulisimama kutia maji kwenye rejeta, watu wakatuzunguka. Mmoja akauliza kama tumehama. Nikasema tunatembea. Akauliza tunakwenda kwa nani. Nikasema kwenye maporomoko. Akavua kofia, akasema pole, nani ameanguka?

Mambo haya nayasimulia gereji, na ni ya kweli. Na asubuhi ile ya kwanza ni ya kweli, Fidelisi alipoamka akaniuliza kama nyumba inaweza kuondoka tukiwa chooni. Wewe ulikuwa mbele, umekalia kiti changu, mikono miwili kwenye usukani, miguu inaning'inia, unaangalia mlima kupitia kioo. Hukuniona. Nilisimama pale nje nikakuangalia, na nikawaelewa wale Wazungu kidogo.

Tulianza kupanda jua likiwa bado changa. Pale chini ya mlima palikuwa na mama mmoja anapepeta mpunga. Tukamwamkia. Akauliza tunakokwenda, nikamwambia. Akasema tungoje amalize atuongoze, kwa sababu huko juu njia zinagawanyika, na nyingine ni za wawindaji, zina mashimo ya kutegea nguruwe. Mama yako akanitazama. Mimi nikasema:

"Mama, mlima huu nimeupanda na mpimaji. Labda wenyewe ndio uniulize mimi njia."

Yule mama akaendelea kupepeta. Nimepanda mlima ule mara moja tu, Anastazia, na macho yangu siku ile yalikuwa kwenye kapu la mayai.

Kwenye kijito cha kwanza mama yako akakanyaga mwiba ukaingia kisigino kizima. Akasema yeye atabaki hapo na chungu na kuku, sisi twende turudi mapema. Tukaendelea watatu. Nilimbeba Fidelisi mabegani, wewe mbele unarusha mawe, mbega wanatuzomea juu ya miti. Nilicheka siku ile. Naamini ulinisikia.

Fidelisi akachoka kubebwa, akataka kukaa. Akakaa juu ya mzizi akagoma. Mimi masikio yangu yalikuwa yameshasikia maji yakinguruma, na nikapata haraka ya kijinga, nikataka nifike kwanza, niyaone peke yangu, halafu niwapokee ninyi pale kama mwenye maji. Nikakuambia umngoje mdogo wako apumzike, kisha mnifuate. Nikakuambia penye njia panda nitaifunga ile isiyofaa. Hilo ulilijua, nilikufundisha kwenye mashamba yetu: anayetangulia akifika panapogawanyika, anakata tawi bichi analilaza kukatiza njia ya kuachwa, na anayefuata nyuma akiliona anapita ile iliyo wazi. Hakuna mtu wa huku anayelichezea tawi hilo. Mtu analiona, anatii, hata kama limewekwa na mtu asiyemjua.

Nilifika njia panda. Moja inakwenda kulia, nyingine kushoto. Nilisimama pale, na sikujua. Ningeweza kurudi hatua hamsini nikakaa nanyi, nikasema tungoje, au turudi kwa yule mama anayepepeta. Nikakata tawi, nikalilaza njia ya kulia, nikaingia ya kushoto huku napiga mluzi.

Haikwenda mbali. Ikawa nyembamba, ikawa miiba, na maji nikayasikia kulia kwangu, wala si mbele. Kurudi nyuma sikutaka. Nikakatiza msituni, nikatokea kwenye ile njia ya kulia, juu zaidi, na baada ya kona mbili tu maporomoko haya hapa. Nikavua shati. Nikaoga. Nikaliita jina langu kwa sauti nisikie mlima ukiniitikia. Mlima ukaniitikia, nikaliita tena.

Sijui ilikuwa muda gani. Nywele zilikuwa zimeshakauka nilipojiuliza mbona hamjafika.

Nilishuka kwa ile njia nzuri, ya kulia, mpaka njia panda. Hapo nitaparuka sasa, nitaparudia. Nikaingia kushoto, nikakimbia, nikapita pale nilipokatiza, nikapasua miiba, nikawakuta. Fidelisi alikuwa ndani ya shimo la zamani la nguruwe, mkono wa kushoto umekunjika mahali ambapo mkono hauna kiungo. Wewe ulikuwa umelala kifudifudi ukingoni. Ulikuwa umevua gauni lako ukalisokota kama kamba, umelishusha, naye amelishika kwa mkono mzima. Hukuwa unalia. Ulikuwa unamhesabia vidole vyako asilale.

Nilimtoa. Nikaufunga mkono kwa vijiti na shati langu. Na wewe, kabla sijakuuliza kitu, ukasema:

"Baba, nilifuata njia iliyo wazi. Ile nyingine ilikuwa na tawi."

Nami nikasema, "Tawi gani?"

Hilo nililisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Halafu nikambeba Fidelisi, nikakushika mkono, nikakurudisha mpaka njia panda, nikakuonyesha ardhi. Njia mbili, zote wazi. Nikakuambia uone mwenyewe. Uliangalia kulia, ukaangalia kushoto, ukainama ukagusa udongo kwa kiganja. Kisha ukanitafutia njia ya kutokea, wewe, mtoto wa miaka saba. Ukasema, labda limechukuliwa na upepo.

Nikakuambia hapakuwa na upepo.

Sura uliyokuwa nayo dakika ile nimekaa nayo miaka mitano. Haikuwa sura ya mtoto aliyeonewa. Ungenikatalia, ungepiga kelele, ningepumua. Ulikuwa na sura ya mtu anayeona macho yake mwenyewe si ya kuaminika.

Kijitoni mama yako aliruka juu na kisigino chake kibovu, akauliza imekuwaje. Nikamjibu kwamba binti yake hajui njia. Hakukupiga. Ila tangu siku ile hajakutuma peke yako hata dukani, nawe hujaomba. Mganga wa mifupa wa kule chini alifanya alivyoweza, mfupa ukaunga umepinda, na Fidelisi mpaka leo mkono huo haunyooki. Wewe unamchotea maji yake. Unamfungia vifungo. Kila siku ya nyama unamsogezea kipande chako, nami nikawa nawaambia watu binti yangu ana moyo mwema. Nilijua ni kwa nini unakisogeza. Nilikuwa nimekaa mezani pale pale, nakula changu.

Kabla sijashika kalamu hii nilimwita mama yako nikamweleza. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Ungo mzima ulikuwa umeshakuwa safi, akaendelea kuuchambua. Mwisho akasema, "Miaka mitano namshika mkono mtoto anayejua kutembea." Akainuka, akaenda kwa jirani, na mpaka naandika hapa hajarudi. Fidelisi nitamwambia mwenyewe kesho ukishavuka. Ana miaka tisa, ataelewa, na akitaka kunichukia aanze mapema.

Sikuandikii ili unisamehe ukiwa juu ya lori, na mizigo, na watu wanakuangalia. Nakuandikia kwa sababu kesho utashuka peke yako mahali usipopajua, na nataka ushuke na macho yako yote mawili. Utakutana na watu watakaokuambia hukuona ulichokiona. Wengine watakuwa wakubwa. Wengine watakuwa wanachekesha. Na mmoja, angalau mmoja, alikuwa anakupenda kuliko kitu chochote bondeni humu, na bado alikuambia.

Sasa nirudi pale nilipoparuka.

Nilipofika njia panda nikitokea juu, tawi nililikuta limelala mbele ya miguu yangu, majani bado mabichi, mahali nilipoliweka, limekatiza njia iliyo sawa. Nilielewa saa ile ile. Nikasimama. Na nikiwa nimesimama nikamsikia mdogo wako akilia, mbali, upande wa kushoto. Nilimsikia vizuri, nikajua ni yeye, nikajua ameumia.

Lilikuwepo, Stazia. Uliliona sawasawa, ukafanya kama nilivyokufundisha. Na mimi, nikimsikia mwanangu analia, niliinama kwanza nikaliokota lile tawi, nikaenda nalo mpaka ukingoni mwa genge, nikalitupa chini, nikarudi nikafuta alama zake kwa mguu. Ndipo nikaanza kukimbia.

Baba yako